Ada Nalipa, Mtoto Anacheza Tu?

Juzi nimepokea ujumbe wa msomaji mmoja wa Mbagala. Binti yake ana miaka 4, yuko beibi klasi, na daftari lake mpaka leo lina kurasa mbili tu zilizoandikwa. Mtoto wa jirani, umri uleule, shule nyingine, anaandika moja hadi ishirini na kila Ijumaa anarudi na homuweki. "Dada, kila nikimuuliza mmefanya nini leo, ananijibu tumecheza. Ada nalipa. Nimhamishe?"

Usimhamishe, mdogo wangu. Ningeweza kuishia hapo, ila umenigusa panapouma, kwa hiyo nivumilie.

Mwanangu wa kwanza alikataliwa shule akiwa na umri huohuo. Shule yenyewe siitaji. Walimfanyia usaili, naam, usaili, mtoto wa miaka 4! Wakampa penseli na karatasi aandike jina lake. Akaichukua ile penseli, akailaza, akaanza kuitembeza mezani huku ananguruma, akapiga honi, akafika ukingoni akashusha abiria wa Buguruni. Mwalimu akanigeukia kwa sauti ya kutoa pole: "Mama, huyu nyumbani anacheza sana." Siku hiyo niliongea peke yangu njia nzima.

Sasa hebu tuitazame ile penseli. Mtoto aliyeifanya daladala ameshaelewa kwamba kitu kimoja kinaweza kusimama badala ya kingine. Na herufi ni nini kama si mchoro unaosimama badala ya sauti? Lev Vygotsky, mwanasaikolojia wa Kisovieti, alilizungumza jambo hili katika mhadhara wa mwaka 1933, akatoa mfano wa mtoto anayepanda kijiti akakifanya farasi. Yule mwalimu aliletewa mwanzo wa kusoma mezani kwake, akaona utundu.

Nikampeleka kwa mama yangu Tanga. Uwanja wa mchanga, binamu tele, televisheni mbovu (namshukuru Mungu kwa televisheni ile). Wakubwa walikuwa wanacheza mdako. Unachimba kishimo, unajaza kokoto, unarusha moja juu, na kabla haijashuka unazikomba za kishimoni kisha unaidaka. Unarusha tena, unazirudisha zote ubakize moja. Ukifuzu, mzunguko unaofuata unabakiza mbili, halafu tatu. Wangu vidole vilikuwa bado, wakamfanya mhesabu kokoto. Akikosea kuhesabu anapigiwa kelele na watoto watano kwa pamoja, na anarudia hapohapo, bila kulia. Kujumlisha alijulia pale, na kutoa pia, na kungoja zamu, na kushindwa bila kununa. Mchana alikuwa anafinyanga tope, anakamua nguo za wanasesere, anafungua na kufunga vifuniko vya madumu. Penseli alipopewa tena, mkono ulikuwa umeshapata nguvu ya kuishika.

Leo yuko darasa la tano na hisabati anawaelekeza wenzake. Shule ile naipita kila nikienda sokoni. Sijawahi kuingia kuwaambia, lakini jibu ninalo mdomoni.

Wazazi wenzangu, tunakimbizana na nini? Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilitoa mwongozo: mtoto wa mwaka 1 hadi 4 ajishughulishe kwa mwili angalau dakika 180 kwa siku, na kuanzia miaka 2 skrini isizidi saa moja. Saa tatu za kuruka na kukimbia! Wangapi wetu tunawapa hata moja? Mtaala wetu wa elimu ya awali nao unamtaka mwalimu afundishe kwa michezo. Sisi ndio tunaompigia simu mwalimu kudai daftari lijae, naye anaogopa kupoteza mteja, anawakalisha watoto kunakili mistari.

Mwacheni mtoto acheze. Midoli ya gharama si lazima. Mpe makopo, vifuniko vya chupa, kanga kuukuu, mchanga. Wakigombana, usikimbilie kuwa refa, ngoja kidogo uone wanavyopatana. Na wewe wa Mbagala, badilisha swali. Usimuulize wamefanya nini, muulize leo nani alikuwa mama, nani alikuwa dokta, mgonjwa aliumwa wapi. Utashangaa urefu wa jibu, na ndani yake utasikia msamiati ambao daftari halitakuonyesha.

Kuna watakaoniuliza habari ya minyoo, nawajua. Kata kucha, nawisha mikono kwa sabuni kabla ya kula, mvalishe ndala, mchanga wenye kinyesi cha paka asiukaribie. Kampeni ya matone ya vitamini A na dawa za minyoo hufanyika Juni na Desemba kwenye vituo vya afya, mpeleke. Nguo zikichafuka, zifuliwe.