Kibarua wa ghalani ana fidia?

SWALI: Napakia korosho ghalani Mtwara. Gunia limeniporomokea, mguu umevunjika. Msimamizi anasema kibarua hana chake.

JIBU: Hana haki ya kusema hivyo. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi, Sura 263, inakuhusu, na mchango wa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF) ni wa mwajiri peke yake. Ukikatwa wewe, unaibiwa. Mpe mwajiri taarifa kwa maandishi, ubaki na nakala iliyosainiwa. Akipuuza, ifikishe WCF mwenyewe kabla ya miezi 12 kupita tangu ajali.

Madai mengi huharibikia hospitalini: faili linaandikwa “ameanguka”, basi. Hakikisha linasema “gunia, ghalani, akiwa kazini”, pamoja na tarehe na saa. Tunza vithibitisho vya ujira, hata ujumbe wa malipo kwenye simu. Malipo ya ulemavu hukokotolewa humo.