Ramani ya isanje imekolea barabarani. Je, ni kweli?

Swali: Shikamoo daktari. Mimi natembeza wageni hapa Gede, pwani ya Kenya. Kwa miaka miwili mimi na wenzangu tumeandika kila tulipomwona isanje, yule mnyama mdogo mwenye pua ndefu, msitu wa Arabuko-Sokoke, tukapata alama za jipiesi (GPS) zaidi ya mia. Kijana wa chuo akazitia kwenye Maxent, programu ya kubashiri mahali panapomfaa mnyama, pamoja na data za mvua na joto. Ramani ikatoka nyekundu, yaani panamfaa, upande wa barabara ya Malindi–Mombasa, na ndani kuelekea Jilore buluu tupu, yaani hapamfai. Wazee wa Jilore wanasema kwao pia humwona. Nani mkweli?

Jibu: Marahaba. Mimi nasimama na wazee.

Maxent ilielezwa mwaka 2006 katika makala ya watafiti Phillips, Anderson na Schapire, na ilipendwa upesi kwa kuwa hutosheka na alama za mahali mnyama alipoonekana. Mahali alipokosekana haiulizi. Huchota vituo vingi katika eneo zima, kisha hupima: pale alipoonekana isanje panatofautianaje na kwingineko? Sasa nyinyi na wageni hupita wapi? Getini Gede, kwenye vijia vya karibu, mkarudi kabla jua halijawa kali. Programu imelinganisha vijia vyenu na msitu mzima. Ile nyekundu ni nyayo zenu wenyewe.

Mvua nayo imezidisha kosa. Arabuko-Sokoke hupata mvua nyingi upande wa bahari, na hupungua kadiri unavyoingia bara. Barabara iko huko huko kwenye mvua. Basi programu ikaona isanje wengi penye mvua, ikaamini mvua ndiyo anayoifuata.

Maisha ya isanje ni majani makavu. Hufukua wadudu humo kwa ile pua ndefu, na hulala humo: kiota chake ni rundo la majani chini ya kichaka, ukisimama hatua mbili unadhani upepo umeyakusanya. Galen Rathbun, mtaalamu wa wanyama aliyemchunguza hapo Gede miaka ya 1970, alikuta dume na jike wakimiliki pamoja eneo la hekta 1.7 hivi. Data za hali ya hewa zinazotumika sana zina pikseli (kimraba kimoja cha ramani) ya karibu kilomita moja kila upande, yaani hekta 100. Pikseli moja yaweza kumeza jozi zaidi ya hamsini! Kwa mnyama huyu, tafuteni ramani ya aina za msitu na udongo: msitu mseto wa mibambakofi mashariki, mirihi kwenye mchanga mweupe katikati, na vichaka vizito vya miti ya Cynometra kwenye mchanga mwekundu wa magharibi. Ongezeni picha za satelaiti zinazoonyesha uzito wa kivuli.

Alama zenu msizitupe. Mwambie kijana achote vituo vya kulinganisha pale tu mlipopita. Kama mliandika paa na ndege pia, hizo ndizo zitakazomwonyesha mlipopita. Alama zilizorundikana azipunguze. Akitaka kupima modeli, yaani huo ubashiri wa programu, afiche upande mzima wa msitu, halafu aone kama inaubashiri. Kuficha alama chache huku na huku hakupimi kitu, maana alama jirani zimebaki zikitoa jibu.

Nanyi, andikeni siku mlizokosa. Hili nalisisitiza kuliko yote. Saa mlizoanza na kumaliza, njia, umbali, isanje sifuri. Sifuri hiyo ina thamani sawa na kumwona, na hakuna programu itakayoibuni kwa ajili yenu.

Tena, hata modeli nzuri huonyesha mahali panapomfaa mnyama. Mitego ya waya haionekani kwa satelaiti, na kichaka chaweza kuwa kizuri kisiwe na isanje hata mmoja. Vilevile chaweza kukosekana kitu tusichokijua: mnana wa Clarke, ndege wa Arabuko-Sokoke na msitu wa jirani wa Dakatcha pekee, tulimjua kama ndege wa msituni, hadi viota vyake vilipopatikana mwaka 2013 kwenye majani ya kinamasi huko Dakatcha. Modeli ya alama za msituni isingetupeleka kinamasini.

Anzeni na mchanga mwekundu kuelekea Jilore, mchana, anapotoka kula. Mchukueni mzee mmoja awatangulie, na msikilize: isanje akishtuka hupiga mkia kwenye majani kabla hamjamwona.