Maswali na majibu: Tokugawa walimpata wapi babu yao?

Samurai ni kabila gani la Japani?
Si kabila, lilikuwa tabaka la wapiganaji. Nimechoka kulijibu hili.

Ukoo wa Tokugawa ulianza lini?
Jina lilianza 1566. Ieyasu, aliyekuja kuwa shogun (mtawala wa kijeshi wa Japani) wa kwanza wa ukoo huo, alizaliwa 1543 akiwa Matsudaira, mtoto wa bwana mdogo wa Mikawa, mashariki ya mkoa wa Aichi wa leo.

Nimesoma kwamba wao ni Minamoto, ukoo wa kale wa wapiganaji, uzao wa Kaizari Seiwa. Kweli?
Umesoma walichoandika wenyewe. Ieyasu alitaka cheo cha gavana wa Mikawa, na kwa jina la Matsudaira hakukipata. Mkuu mmoja wa ikulu ya Kaizari huko Kyoto, Konoe Sakihisa, akamsaidia. Mara ikapatikana hati ya kale: tawi moja la akina Nitta, ambao ni Minamoto, liliitwa Tokugawa, kisha likahamia upande wa Fujiwara, ukoo wa wakuu wa ikulu. Basi Ieyasu akawa Fujiwara. Kufikia 1603, anapewa ushogun, alikuwa Minamoto tena!

Kiungo cha nasaba hiyo ni Chikauji, anayesimuliwa kuwa mtawa mzururaji aliyekaribishwa kijiji cha Matsudaira akaozwa huko. Mzururaji ni babu mzuri sana, maana unaweza kumpa baba yeyote umtakaye.

Na Konoe huyohuyo ndiye aliyemfanya Hideyoshi, mtoto wa mkulima aliyetawala Japani kabla ya Ieyasu, kuwa "mwanawe" mwaka 1585 ili awe kampaku, msaidizi mkuu wa Kaizari. Baba alizaliwa 1536, mwana 1537. Hesabu mwenyewe.

Lakini si lazima shogun awe Minamoto?
Nani kawaambia? Serikali ya kwanza ya mashogun, iliyokuwa Kamakura, ilimweka Fujiwara mwaka 1226, na mwana wa Kaizari mwaka 1252. Ieyasu alishinda vita vya Sekigahara mwaka 1600. Ushogun ulitoka hapo. Nasaba ilikuwa joho tu, na mjukuu wake Iemitsu akalipiga pasi: vitabu vya nasaba za mabwana vilivyokamilika 1643 viliandikwa kwa amri yake.

Yasuke alikuwa wa ukoo wa Oda?
Hapana. Mwafrika huyo alimtumikia tu Oda Nobunaga, bwana wa vita, 1581 hadi 1582.

Jirani yangu Mjapani anaitwa Oda. Ni mjukuu wa Nobunaga?
Mwaka 1875 serikali iliamuru kila raia awe na jina la ukoo, kwa hiyo jina peke yake si ushahidi. Msimsumbue jirani. Na wewe unayetaka kununua upanga kwa sababu una majani matatu ya aoi, nembo ya Tokugawa: nembo huchongwa siku yoyote. Mpelekee mjuzi autazame chuma kwanza.