Fildi ya kubeba mafaili imepitwa na wakati: kwa wanafunzi na ofisi za Mtwara na Lindi

"Shikamoo dada. Nipo fildi Lindi, hii ni wiki ya tatu, kazi yangu ni kutoa kopi na kupeleka mafaili masijala. Chuo kinataka ripoti. Niandike nini?"

Marahaba, mdogo wangu. Kila ifikapo Julai na Agosti, wanafunzi wakiwa fildi, yaani mafunzo kwa vitendo, ujumbe wa namna hii unaingia, kuanzia Nachingwea mpaka Newala, na jibu wanalopewa wanafunzi ni lile lile: vumilia, mradi mhuri upate. Ushauri huo unanikera. Mwajiri wa leo mhuri anaupita tu. Anachouliza ni hiki: ulitengeneza nini pale, na bado kinatumika? Ukikosa jibu, nauli na kodi ya chumba vimekwenda bure.

Kosa la kwanza hutokea kabla hata ya kuripoti, nalo ni kuchagua ofisi kwa jina lake bila kuangalia msimu wake. Vyuo vikuu vingi vinatoa wanafunzi kati ya Julai na Septemba. Huku kwetu korosho ndiyo kalenda, na minada kwa kawaida huanza Oktoba. Ukienda chama cha msingi cha wakulima Julai ukitegemea kuona stakabadhi ghalani (mkulima anapokabidhi korosho ghalani na kupewa risiti) na mnada wa TMX, yaani Soko la Bidhaa Tanzania, utakuta ghala tupu na karani anahangaika na orodha za salfa, dawa ya mikorosho. Basi omba kile kilichopo: daftari la wakulima. Anayesoma uhasibu aende halmashauri. Mwaka wa fedha wa serikali unafungwa Juni 30, na hesabu zinatakiwa kumfikia CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, ndani ya miezi mitatu, kwa hiyo Julai na Agosti ndiyo miezi ya usuluhishi wa benki (kulinganisha vitabu vya ofisi na taarifa ya benki), kutafuta hati za malipo zilizopotea na kuhesabu mali. Wa manunuzi atakuta mpango wa mwaka mpya unaingizwa NeST, mfumo wa manunuzi ya umma. Mwenye kalenda ya chuo inayomwachia Oktoba au Novemba, huyo ndiye aende ghalani.

Barua ipeleke mapema, Machi au Aprili, kwa Mkurugenzi Mtendaji wa halmashauri au mkuu wa taasisi, usiishie kwa mkuu wa idara unayemfahamu. Ambatanisha ukurasa mmoja wenye mambo matatu: unachojua kufanya leo, kazi mbili unazoomba, na unachohitaji (kompyuta unayo au huna, bando analipa nani). Omba pia wasimamizi wawili. Msimamizi mmoja akipata safari ya Dodoma au likizo, mwanafunzi anabaki kiti cha mapokezi mwezi mzima. Hapo ndipo fildi nyingi zinapofia.

Sasa kazi yenyewe. Ningeulizwa nitaje moja tu inayofaa karibu ofisi yoyote ya mikoa hii, ningetaja kusafisha orodha. Wakulima, wagonjwa, wateja wa maji, wanafunzi, wafanyabiashara wa soko: kila ofisi ina orodha yake kwenye Excel, na karibu zote zina ugonjwa. Jina moja limeandikwa Mohamedi, Mohammed na Muhamed, na benki lina herufi nyingine kabisa. Mnada ukishapita, malipo ya mkulima huyo yanagoma na lawama zinamwangukia karani.

Fanya hivi. Kwanza nakili faili la awali, liweke pembeni, usiliguse tena. Pili, kabla ya kuandika chochote, kolamu za simu, akaunti na namba ya NIDA (ya kitambulisho cha taifa) zibadilishe ziwe za maandishi. Hapa wengi wanaumia. Namba ya simu ikiingia kama tarakimu, sifuri ya mbele inapotea; hiyo inarudishwa kwa kanuni =TEXT(B2,"0000000000"), kwa kuwa simu zetu zina tarakimu 10. Namba ya NIDA hairudi. Ina tarakimu 20, na Excel inashika 15 tu, kwa hiyo ukiichapa bila vistari kama namba ya kawaida, tano za mwisho zinageuka sifuri moja kwa moja. Ukiona orodha ambayo kila NIDA inaishia 00000, usijaribu kuirekebisha kwa kanuni yoyote. Rudi kwenye fomu za karatasi uingize upya.

Tatu, uzito uandikwe namba tupu. Seli yenye "62kg" kompyuta inaisoma kama neno na kuiruka kwenye jumla, ndiyo maana jumla ya karani na ya mashine hazikutani. Neno kilo liweke kwenye kichwa cha kolamu. Nne, tafuta waliojirudia kwa namba ya mkulima, kamwe si kwa jina: =COUNTIF(A:A,A2)>1 itakuonyesha KWELI au UONGO kwa lugha ya kompyuta yako. Usifute hata mmoja. Wapake rangi, wachapishe, mpelekee karani, maana baba na mtoto wanaweza kuwa na majina yanayofanana na mashamba tofauti. Tano, majina ya vijiji yaweke kwenye orodha ya kuchagua, ili mtu asiandike Naliendele leo na Naliendere kesho.

Mwisho andika ukurasa mmoja wa maelekezo, kwa Kiswahili, ambao karani ataufuata wewe ukiwa umeondoka. Ukurasa huo una thamani kuliko sura nzima ya "Utangulizi na Historia ya Taasisi" mnayonakili kila mwaka.

Kwa atakayebahatika kuwa ghalani msimu wa korosho, kuna kazi ya pili nzuri, kipimo cha ubora. Sampuli ya kilo 1 inakatwa, viini vizuri vinapimwa kwa gramu, vyenye madoa vinahesabiwa nusu ya uzito wake, kisha jumla inazidishwa kwa 0.17637 kupata ratili za kiini kwa gunia la kilo 80. Mfano, gramu 250 nzuri na 20 zenye madoa: 250 jumlisha 10 ni 260, mara 0.17637 ni kama ratili 45.9. Makosa ni mawili. La kwanza ni kuchota sampuli juu ya gunia moja badala ya magunia mengi, juu, kati na chini. La pili ni mizani ya gramu kuwekwa mezani kunakotikisika au kwenye upepo wa feni. Jaza kipimo, unyevu, tarehe na namba ya shehena kwenye jedwali moja, na baada ya mwezi utaonyesha ni kijiji gani kinaleta korosho zisizoanikwa vizuri. Hapo meneja wa chama atakuita mwenyewe.

Nije kwenye nywila, maana ndiyo inayowaponza wengi. Ofisi za umma sasa zinafanya kazi ndani ya mifumo: MUSE kwa malipo, GoT-HoMIS hospitalini, e-Ofisi kwa majalada. Mwanafunzi kwa kawaida hana akaunti humo. Msimamizi aliyechoka atakwambia, "Ingia tu na yangu, nywila hii hapa." Kataa kwa adabu. Kila unachobonyeza kinaandikwa kwa jina lake, saa na dakika, na siku ya ukaguzi atakayeulizwa ni yeye, kisha yeye atakutaja wewe. Mwambie hivi: "Naomba nikae pembeni yako wakati unaingiza, mimi niandae viambatisho." Utajifunza mfumo vilevile: skani hati, zipe majina yanayoeleweka kwa kuanza na tarehe (2025-07-14_hati_ya_malipo), hakiki kiasi na jina la mlipwaji kabla hajabonyeza. Majina ya mafaili kama "mpya mpya ya mwisho 2" tuyaache jamani.

Na usipige picha skrini yenye majina ya watu ukairusha kwenye grupu la darasa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ipo tangu 2022, nayo haimsamehi mtu kwa sababu ni mwanafunzi. Kwenye ripoti tumia Mkulima 01, Mkulima 02. Simu, NIDA na matokeo ya wagonjwa havitoki ofisini, wala kwa flashi wala kwa WhatsApp.

Wa ufundi, VETA na vyuo vingine, mnaokwenda viwandani au kwenye mitambo ya gesi kama Madimba: uliza kwa simu kabla ya kusafiri vifaa gani vya kujikinga ni vyako na vipi vya kampuni. Viatu vya usalama mara nyingi ni juu yako, na kwa kandambili hupiti getini. Mafunzo ya usalama ya siku ya kwanza usiyakose kwa kisingizio chochote.

Ofisi nazo nizungumze nazo kidogo, maana lawama zote kuwatupia watoto si haki. Ukiwapokea wanafunzi 12 na una meza mbili, umewapokea kwa ajili ya nani? Pokea wanne. Siku ya tatu kila mmoja awe na kazi yenye jina na tarehe ya kuisha. Ijumaa dakika 20: nini kimeisha, nini kimekwama. Na chai, wahenga wa ofisini mnisamehe, kila mtu ajichemshie.

Wewe wa Lindi, una wiki zako zilizobaki. Kesho asubuhi muulize mtu wa masijala ni majalada gani yanatafutwa kila siku na hayaonekani. Tengeneza jedwali la namba ya jalada, lilipo, nani kalichukua na lini, ulijaze kila linapotoka. Tayari umepata sura ya tatu ya ripoti.

Barua ya mwisho iandae wewe, sentensi tatu tu, ikitaja kazi uliyoifanya kwa jina lake na nani anaitumia sasa, kisha mpelekee msimamizi airekebishe na kuisaini. Ipeleke wiki mbili kabla ya kuondoka. Septemba ikifika watu wa huku akili zote ziko kwenye maandalizi ya msimu, na kumpata bosi ofisini ni kazi.