Willow haiwezi kufungua akaunti za benki
Je, Willow, chipu ya kompyuta ya kwanta ya Google, inaweza kuvunja usimbaji fiche (kufunga data kwa siri) unaolinda benki? Hapana, haina uwezo huo. Hesabu ambayo Google ilitangaza Desemba 2024 kwamba Willow iliimaliza chini ya dakika 5, na ambayo kompyuta kubwa kabisa ingehitaji miaka yenye sifuri 25 kuimaliza, ni jaribio maalumu la kupima mashine yenyewe. Halifungui nywila ya mtu.

Angalia ukubwa: Willow ina kyubiti 105, yaani vipande vya msingi vya kubeba taarifa katika kompyuta ya kwanta. Craig Gidney, mtafiti wa Google hiyohiyo, alikadiria Mei 2025 kwamba kuvunja ufunguo wa biti 2048 wa RSA, njia ya usimbaji inayotumika sana, kutahitaji kyubiti karibu milioni 1, tena kwa kazi ya siku kadhaa mfululizo. Pengo bado ni kubwa mno. Lakini makadirio ya 2019 yalikuwa milioni 20, kwa hiyo linapungua hata kabla mashine hazijakua.

Kilichonifurahisha mimi ni kingine, na watu wanakipita tu: kila watafiti wa Google walipoongeza kyubiti za kulinda taarifa, makosa yalipungua kwa zaidi ya nusu. Mwanahisabati Peter Shor alionyesha njia ya kusahihisha makosa hayo tangu 1995, na kwa miaka mingi kuongeza kyubiti kulimaanisha kuongeza makosa.

Tahadhari moja: data iliyosimbwa ikiibwa leo inaweza kuhifadhiwa hadi mashine zenye uwezo wa kuifungua zipatikane. Ndiyo maana NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, ilitoa viwango vipya vya usimbaji unaokusudiwa kuhimili kompyuta za kwanta Agosti 2024, na benki zinapaswa kuanza kuhamia huko sasa.