Jibu: CDI yenye swichi kwenye pikipiki ya porini

Mkuu, umeuliza kama CDI (kisanduku cha umeme kinachoamua plagi ipige cheche lini) ya kununua yenye swichi itakuongezea nguvu porini. Kidogo tu. Inachobadilisha hasa ni muda wa cheche. Ukiweka swichi upande mkali, plagi inapiga mapema zaidi kabla pistoni haijafika juu, na injini inaitika haraka. Upande mpole cheche inachelewa, nguvu inakuja taratibu, tairi halizunguki ovyo kwenye tope au mawe yaliyolowa. Mimi ningeinunua kwa ajili ya huo mpole, ingawa wengi hukimbilia mkali.

Huo mkali una gharama: petroli ya okteni ndogo (isiyohimili mgandamizo vizuri) itafanya injini igonge, yaani mafuta yawake ovyo ndani, na kugonga kukiendelea pistoni inatoboka. CDI nyingine pia huondoa kikomo cha mizunguko ya injini, na springi za valvu hazikutengenezwa kwa kasi hiyo.

Kabla ya kulipa, hakikisha kama CDI ya pikipiki yako hutumia umeme wa AC (moja kwa moja kutoka kwenye koili ya injini) au DC (wa betri). Soketi kuingia si ushahidi kwamba inafaa. Waya wa swichi upitishe mbali na waya wa plagi, la sivyo CDI itachanganyikiwa. Kubadilisha ukiwa mwendoni, fuata maelekezo ya mtengenezaji. Baadhi ya CDI husoma swichi wakati wa kuwasha tu.