Ukija kusoma Kumbakonam, anza na chakula chao

Ninyi mnaojiandaa kuja kusoma Kumbakonam, kusini mwa India, habari za ada na viza mtaelezwa na wengine. Mimi nataka niwaambie habari za kula. Wageni niliowaona wakiteseka huku, wengi wao masomo waliyaweza vizuri. Kilichowashinda ni mji: walijifungia hosteli na tambi za pakiti wakihesabu miezi ya kurudi nyumbani. Waliokubali kukaa na watu na kula nao walipata majirani, na Kitamil, lugha ya huku, wakakiokota hapohapo mezani.

Mji uko jimbo la Tamil Nadu, kilomita kama 40 kutoka Thanjavur, kati ya mito miwili: Kaveri upande wa kaskazini na Arasalar upande wa kusini. Kuna mahekalu kila mtaa, na ukitoka nje ya mji ni mpunga tu. Srinivasa Ramanujan, yule bingwa wa hisabati, alikulia hapa, na nyumba yao imehifadhiwa. Nendeni mkaione.

Jambo la kwanza ni saa za kula. Asubuhi na jioni ni vitafunwa: idli (vikate laini vya mchele vilivyopikwa kwa mvuke), dosa (chapati nyembamba ya mchele na dengu), vada (andazi la dengu). Mchana, kuanzia kama saa sita hadi saa tisa, ni wali. Mikahawa mingi haichanganyi, kwa hiyo ukiingia saa nane mchana kutafuta dosa utaambiwa urudi jioni. Ukiona kadappa asubuhi, agiza. Ni mchuzi mzito wa choroko zilizokobolewa na viazi, wenye nazi, wa kulia idli, na ni chakula cha huku hasa. Ukienda Chennai, mji mkuu wa jimbo, utautafuta kwa shida.

Wali wa mchana mara nyingi huandaliwa juu ya jani la mgomba. Utalinyunyizia maji na kulifuta kwa mkono, ncha nyembamba ikae kushoto kwako. Kula kwa mkono wa kulia. Usimwage kila kitu juu ya wali kwa pamoja, maana kuna mpangilio: wali na sambar, mchuzi wa mbaazi, kwanza, kisha wali na rasam, ule mchuzi mwepesi wa ukwaju na pilipili manga, na mwisho wali na mtindi. Wahudumu hupita na ndoo wakiongeza, basi ukishiba sema mapema, kwa sababu kuacha chakula kwenye jani hakupendezi. Ukimaliza, likunje jani kuja upande wako.

Hiyo sambar isikutishe kwa jina. Ndani yake mna mbaazi zilizokobolewa, ukwaju, bizari, mvuje, na mara nyingi maganda ya mzunze. Yote unayajua. Mbaazi zenyewe huenda zimetoka kwetu, kwani Tanzania huiuzia India mbaazi nyingi, na mkulima wa Mtwara au Babati anakumbuka mwaka 2017, India ilipobana uagizaji na bei huko nyumbani ikaporomoka. Mwambie mwenye mkahawa kwamba kwenu mbaazi hupikwa kwa nazi na kuliwa na mahamri. Atakuuliza mapishi, na kuanzia hapo hutakuwa mgeni wa kupita.

Wanaolilia ugali nao wasikate tamaa. Ulezi upo, unaitwa ragi, na watu wa huku huusonga ugali kamili uitwao kali. Uji wake uliochachuka ni koozh, hunywewa pamoja na vitunguu vidogo na pilipili mbichi. Katika mwezi wao wa Aadi, kati ya katikati ya Julai na katikati ya Agosti, mahekalu ya Amman, mungu wao wa kike, huugawa bure kwa kila anayefika. Pokea. Hakuna atakayekuuliza dini yako.

Mwezi huohuo, siku yake ya 18, ambayo huangukia mwanzoni mwa Agosti, ni sikukuu ya mto. Bwawa la Mettur, linalozuia maji ya Kaveri huko juu, kwa desturi hufunguliwa tarehe 12 Juni kama maji yanatosha, na Kaveri, ambao wakati wa kiangazi huwa mchanga mtupu, hujaa tena. Familia hushuka mtoni na maua, manjano na nyuzi, wakaomba, kisha wakakaa ukingoni kula wali wa ndimu, wa ukwaju, wa nazi na wa mtindi. Mimi naona hakuna siku bora ya kuwafahamu watu hawa. Jirani akikualika, achana na kila ratiba uende.

Kuhusu watu: aliyekuzidi umri kidogo mwite anna akiwa mwanamume, akka akiwa mwanamke; mama mtu mzima ni amma. Tuliolelewa na shikamoo hatuna shida hapo. Viatu vinabaki mlangoni. Kichwa kikiyumba kushoto na kulia, mara nyingi ni ndiyo. Mitaa ya karibu na mahekalu ina wenye nyumba wengi wasiokula nyama, basi ulizeni kabla ya kulipa kodi kama mnaruhusiwa kupika kuku au samaki. Nyama na biriani hazikosekani mjini, ila msimlazimishe mtu jikoni kwake.

Watawatazama, hilo nisiwafiche. Wengine wataomba picha. Dawa niliyoiona ikifanya kazi ni kuchagua kibanda kimoja cha kahawa na kwenda hapohapo kila asubuhi. Kahawa ya Kumbakonam ina jina India nzima: unga wa kahawa huchujwa taratibu kwenye chujio la ghorofa mbili, kisha hutiwa maziwa mazito yasiyoongezwa maji, na huletwa kwenye bilauri ya shaba ndani ya kibakuli chake. Imimine huku na huku ipoe. Baada ya wiki chache mwenye kibanda atakuwa ndiye anayewajibu wanaouliza unatoka wapi.

Watakaokuwa huku mwaka 2028 wajue kwamba ni mwaka wa Mahamaham, sikukuu ya kuoga kwenye birika kubwa la katikati ya mji, ambayo huja kila baada ya miaka 12. Ya mwisho ilikuwa 2016. Umati unaofurika ni mkubwa mno, kwa hiyo chumba na tiketi za treni vishughulikieni miezi kadhaa kabla.